Bibi Beatrix Potter na Uyoga wa Msituni

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha kwa miaka mingi palikuwa na kabati la vitabu vya watoto vya Kiingereza, na kilichochakaa kuliko vyote kilikuwa kile cha sungura mdogo aliyevaa koti la buluu. Wanachuo walimpenda sungura huyo. Jina la mwandishi, Beatrix Potter, lilikuwa juu ya jalada, kwa hiyo wote walilijua. Lakini nilipowaambia kwamba bibi huyu, kabla dunia haijamjua kwa sungura wake, alitumia zaidi ya miaka kumi akitafuta, akichora na kuchunguza uyoga wa msituni, walicheka wakidhani nawatania. Ilinibidi niwaonyeshe picha ndipo wakanyamaza.

Basi, ndugu wasomaji, nimeona niwaletee habari za maisha yake. Zimo habari za msomi aliyefungiwa mlango, za tarishi wa posta aliyejua mengi kuliko mabwana wakubwa, na za kasisi mmoja wa kanisa letu la Kianglikana ambaye bila yeye huenda milima na mashamba mengi ya Uingereza yangekuwa na sura nyingine leo.

Beatrix alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866. Wazazi wake walikuwa matajiri, maana babu zake pande zote mbili walipata mali katika biashara ya pamba kule kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Bwana Rupert Potter, alisomea uwakili lakini hakuwa na haja ya kuhangaika na kesi. Alipenda zaidi kupiga picha. Kwa dini walikuwa Waunitaria, wala si watu wa kanisa letu. Binti hakupelekwa shule. Aliletewa walimu wa kike nyumbani, akasomeshwa ghorofani, akala ghorofani, na hakuwa na wenzake wa kucheza nao mpaka alipozaliwa mdogo wake, Bertram, mwaka 1872.

Watoto hawa wawili walikuwa na mambo yao. Waliingiza nyumbani sungura, panya, popo, mijusi na konokono, na wazazi hawakujua hesabu kamili. Mnyama akifa, walimchemsha mpaka nyama ikatoka, wakaipanga mifupa yake na kuichora. Mimi nimefundisha sayansi, nami nasema wazi kwamba wanafunzi niliokuwa nao wangepiga kelele kwa kazi kama hiyo. Lakini hivyo ndivyo jicho la Beatrix lilivyofunzwa: kwanza kujua kitu kimejengwaje, ndipo kukichora.

Kila mwaka wakati wa joto familia ilikodi nyumba kubwa shambani. Kuanzia mwaka 1871 mpaka 1881 walikwenda Uskoti, katika nyumba iitwayo Dalguise, karibu na mto Tay, mahali penye misitu minene. Huko Beatrix alikuwa huru. Msitu ulikuwa shule yake, na inaonekana hakuusahau kamwe, maana hata alipokuwa mtu mzima aliandika juu yake kwa hamu. Mambo hayo tunayajua kwa sababu tangu ujana wake aliweka kitabu cha kumbukumbu za kila siku, akakiandika kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Hakuna aliyeweza kukisoma mpaka mwaka 1958, alipotokea bwana mmoja aitwaye Leslie Linder, akaifumbua siri hiyo baada ya miaka mingi ya kujaribu.

Mwaka 1882 nyumba ile ya Uskoti haikupatikana tena, na Bwana Potter akakodi ngome iitwayo Wray, kando ya ziwa Windermere, kaskazini magharibi ya Uingereza. Kasisi wa mahali hapo alikuwa kijana mwenye ndevu na maneno mengi, Hardwicke Rawnsley, aliyezaliwa mwaka 1851. Alikuwa mtu wa kushindana. Alipoona watu wa reli na wa machimbo wanataka kupasua milima na mabonde ili kuchukua mawe, alisimama akapinga kwa barua, kwa mikutano, na kwa mashairi. Baadaye alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Carlisle. Alizoeana sana na akina Potter. Binti yao wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, mwenye haya, asiyezungumza mbele ya wageni. Rawnsley alizitazama picha zake kwa makini na kumtia moyo azidi kuchora. Jambo dogo, lakini makasisi wetu wajue kwamba kijana mwenye haya hasahau ni nani aliyesimama akaitazama kazi yake.

Sasa nifike kwenye uyoga wenyewe. Beatrix alianza kuuchora kwa bidii alipofika umri wa miaka ishirini na kitu. Uyoga ulimfaa. Sungura hatulii, na ua hunyauka, na mtu akikaa kuchorwa huchoka. Uyoga hukaa kimya. Tena una rangi. Wanawake wengi wa cheo chake walichora maua kwa ajili ya kupamba kuta, lakini yeye aliuchora uyoga kama ulivyo, na majani makavu yaliyoushikilia, na udongo uliobaki kwenye shina.

Aliouchora mmoja ni ule ambao watoto wa Ulaya wanaujua hata kabla ya kujua kusoma: uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Wataalamu huuita kwa Kilatini Amanita muscaria. Niruhusiwe kuueleza kidogo, maana ni moja ya vitu vizuri sana vinavyoota ardhini. Huanza kama yai jeupe, limefunikwa na ngozi yake. Linapokua, ngozi ile haiwezi kutanuka tena, hupasuka vipandevipande, na vipande hivyo hubaki vimegandana juu ya kofia nyekundu. Hayo ndiyo madoa. Si rangi, ni mabaki ya vazi la utotoni. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha madoa huoshwa, na uyoga ukabaki mwekundu mtupu, na mtu asiyejua akadhani ni aina nyingine. Kofia yaweza kufikia upana wa sentimeta 20. Ukiupindua utaona chini yake vikunjo vyeupe vyembamba kama kurasa za kitabu, na kwenye shina utaona kitu kama pete au kola, na chini kabisa shina limevimba.

Hauoti popote. Huota chini ya misonobari na chini ya mti mmoja wa nchi za baridi wenye gome jeupe, uitwao birch, kwa sababu nyuzi zake huko ardhini zimeizunguka mizizi ya mti. Uyoga huupa mti maji na madini, na mti huupa uyoga sukari. Anayeona kofia nyekundu juu ya majani makavu, kwa kweli anaona sehemu ndogo tu ya kiumbe ambacho sehemu yake kubwa imo chini ya udongo.

Na una sumu. Zamani katika nchi kadhaa za Ulaya watu waliuvunjavunja ndani ya maziwa ili kulewesha nzi, na jina muscaria linatokana na neno la Kilatini la nzi. Mtu akiula hutapika, huchanganyikiwa akili, husinzia usingizi mzito. Ndugu yake mmoja, amanita mwenye kofia ya kijani hafifu, ni mbaya zaidi kwa mbali: nusu ya kofia yaweza kumwua mtu mzima, na hila yake ni kwamba mgonjwa huanza kutapika baada ya saa nyingi, kisha hupata nafuu siku moja au mbili, huku ini lake linaharibika.

Huku kwetu, katika misitu ya miombo, wako amanita wanaoliwa tangu zamani, na aina moja iliandikwa na wataalamu mwaka 1994 kwa jina la Amanita tanzanica. Bibi yangu mzaa mama alituongoza msituni baada ya mvua za kwanza. Hakuna uyoga aliouweka kikapuni kabla hajaupindua, akautazama chini, akaufukua mpaka shinani. Sisi watoto tulimwona mwoga. Nilipokuja kusoma ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akitazama mambo yaleyale yaliyoandikwa vitabuni: vikunjo, pete, na kikombe cha shinani. Aliyeujua uyoga mmoja wa jamii hii kwao asidhani anaujua mwingine ugenini. Watu wamekufa kwa kufananisha.

Beatrix naye mwanzoni alitazama juu tu. Aliyemfundisha kupindua na kufukua alikuwa tarishi wa posta.

Mtu huyo aliitwa Charles McIntosh, wa kijiji cha Inver karibu na Dunkeld, Uskoti. Alizaliwa mwaka 1839. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao, na msumeno ukamkata vidole vya mkono mmoja. Akapewa kazi ya kusambaza barua kwa miguu. Kila siku alitembea maili nyingi mabondeni na msituni, na kwa kuwa macho yake hayakuwa na kazi nyingine, aliyatumia kutazama. Alijua kuvumwani, majani ya kangaga, na hasa uyoga, kuliko wengi waliosoma vyuo vikuu. Wataalamu wa mji wa Perth walimwandikia kumwuliza maswali.

Beatrix alimjua kwa kumwona tangu utotoni, akipita na mfuko wa barua Dalguise, lakini hawakuwa wamezungumza. Mwezi Oktoba 1892, familia ilipokuwa Birnam, alipata nafasi ya kumwonyesha picha zake. Hebu fikirini kikao hicho. Tarishi mrefu, mwembamba, mwenye aibu kiasi cha kutojua akae wapi katika sebule ya matajiri. Na binti wa miaka ishirini na sita, naye mwenye haya vilevile. Lakini picha zilipofunguliwa, hofu ilimtoka mzee. Aliutambua uyoga mmoja baada ya mwingine, akautaja kwa jina lake la Kilatini. Wote wawili walisahau haya zao.

Wakapatana. McIntosh angempelekea uyoga London kwa posta, naye angeuchora mara mbili, nakala moja yake na nyingine ya mzee. Vifurushi vikaanza kusafiri. Mzee alimshauri kwamba picha nzuri haitoshi: aupasue uyoga katikati ili umbo la ndani lionekane, aonyeshe vikunjo vimeshikana vipi na shina, aandike mahali na tarehe. Tangu hapo picha za Beatrix zilibadilika. Zilikuwa bado nzuri, lakini sasa zilikuwa kweli, na mtaalamu yeyote angeweza kuzitumia. Mimi kama mwalimu huona hapa jambo la ajabu: mwalimu bora wa binti huyu tajiri hakuwa yeyote kati ya wale waliolipwa kupanda ngazi za nyumba yao.

Mwaka uliofuata, 1893, familia ilikodi nyumba nyingine Dunkeld. Tarehe 3 Septemba Beatrix alichora uyoga mmoja adimu, mweusi wenye magamba, unaofanana na koni ya msonobari. Kesho yake, tarehe 4, alikaa kumwandikia barua Noel, mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake, aliyekuwa amelala mgonjwa. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumpa, alimtungia hadithi ya sungura wanne na kuichora pembeni. Hiyo ndiyo barua iliyozaa kitabu. Siku mbili zilizofuatana, mkono uleule, na hakuna aliyejua ni kazi ipi itakayodumu.

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa na swali moja moyoni. Uyoga huzaanaje? Ukiiacha kofia ya uyoga juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi laini limechora umbo la vile vikunjo. Kila chembe ya vumbi hilo ni spora, yaani kitu kinachofanya kazi ya mbegu. Vitabu vilisema hivyo. Lakini ni wangapi waliokuwa wameiona spora ikichipua? Uingereza, walikuwa wachache mno. Beatrix akatwaa hadubini, akaweka spora kwenye vioo, akazilowesha, akakaa nazo nyumbani saa baada ya saa, akizikuza mara 600. Na zikachipua. Aliona nyuzi nyembamba zikitoka, akazichora kila hatua.

Mjomba wake kwa ndoa, Sir Henry Roscoe, alikuwa mwanakemia mwenye sifa. Mwaka 1896 alimpeleka mpwa wake kwenye Bustani ya Mimea ya Kew, iliyo London, ambako wataalamu wa serikali walikaa. Mkurugenzi, Bwana Thiselton-Dyer, alimpokea kwa haraka haraka, akampa kibali cha kuingia, lakini hakuonyesha kujali sana. Mtaalamu wa uyoga pale, Bwana George Massee, naye mwanzoni alikuwa na mashaka. Beatrix alirudi mara kwa mara na michoro yake. Mambo yalikuwa magumu. Hakuwa na cheti, maana hakupelekwa shule. Hakuwa na kazi, maana binti wa kwao hafanyi kazi. Na alikuwa mwanamke.

Massee, tumpe haki yake, alibadilika baada ya kuona uthibitisho. Kazi ya Beatrix juu ya kuchipua kwa spora iliandikwa vizuri kwa msaada wa mjomba, ikapelekwa kwa Chama cha Linnean, chama maarufu cha wataalamu wa viumbe. Ilitajwa katika mkutano wa tarehe 1 Aprili 1897. Mwandishi wake hakuwamo ukumbini, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuhudhuria mikutano hiyo. Massee ndiye aliyeiwasilisha. Baadaye karatasi ilirudishwa ili aifanyie kazi zaidi. Haikuchapishwa. Na imepotea, hata leo hakuna ajuaye iliko.

Baadhi ya watu husimulia habari hii kana kwamba wanaume wabaya walimwibia ugunduzi. Mimi sioni hivyo. Wataalamu wa Ujerumani walikuwa wamekwisha fanya majaribio ya namna hiyo, na inawezekana kazi yake kweli ilihitaji marekebisho. Kosa lilikuwa jingine, na kwangu ni kubwa zaidi. Mtu aliyekuwa na jicho kama lile hakupewa mahali pa kukaa, wala mwenzake wa kubishana naye, wala mtu wa kumwambia hapa umekosea na hapa umepata. Nimewaona wasichana wengi wenye akili wakirudishwa nyumbani kwa namna hiyo hiyo, bila kelele, bila mtu wa kulaumiwa. Chama kile kilianza kuwapokea wanawake mwaka 1904, miaka saba baadaye. Mwaka 1997, miaka mia kamili tangu siku ile, kilifanya mkutano wa kumkumbuka.

Beatrix aliendelea na uyoga miaka michache, kisha akaacha. Hakuandika malalamiko marefu. Aliichukua barua ile ya Noel, akaifanya kitabu. Wachapaji kadhaa walikikataa. Kanoni Rawnsley, rafiki wa zamani, alijitahidi kumsaidia, hata akaigeuza hadithi kuwa mashairi akidhani itapendwa zaidi. Haikupendwa, na nadhani ni afadhali. Beatrix akatoa fedha zake mwenyewe akachapisha nakala 250, mwezi Desemba 1901. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ilikubali kukitoa, na tangu hapo mambo yalikwenda mbio: vitabu zaidi ya ishirini, vikasomwa dunia nzima. Mkitaka kujua kwa nini majani, mawe na udongo katika vitabu hivyo vinaonekana kama vya kweli hata pale chura anapovaa viatu, basi jibu liko katika ile miaka ya uyoga.

Katika kazi hiyo alipendana na Norman Warne, mmoja wa ndugu wa kampuni. Mwezi Julai 1905 alimposa. Wazazi wa Beatrix walikataa, eti mfanyabiashara si wa daraja lao, wakisahau pamba iliyowatajirisha. Beatrix, sasa mwenye miaka thelathini na tisa, aliikubali pete. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Agosti, Norman alifariki ghafla kwa ugonjwa wa damu.

Mwaka huo huo alinunua shamba dogo, Hill Top, katika kijiji cha Near Sawrey, karibu na lile ziwa alikokutana na Rawnsley akiwa msichana. Akageuka kuwa mkulima. Wakili aliyemsaidia kununua ardhi, Bwana William Heelis, mtu mpole, alimwoa tarehe 15 Oktoba 1913 katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Maria, Kensington. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Tangu hapo alitaka aitwe Bibi Heelis, na wageni waliokuja kumtafuta yule mwandishi hawakupokelewa vizuri kila mara.

Kanoni Rawnsley, pamoja na Bibi Octavia Hill na Bwana Robert Hunter, walikuwa wameanzisha mwaka 1895 shirika la kununua na kutunza ardhi na majengo kwa ajili ya wananchi wote, liitwalo National Trust. Baba yake Beatrix alijiunga mapema. Rawnsley alifariki mwaka 1920, lakini neno lake lilikuwa limekwisha ota mizizi kwa Beatrix. Fedha za sungura alizitumia kununua mashamba ya milimani yaliyokuwa karibu kuuzwa kwa wajenzi. Mwaka 1923 alinunua Troutbeck Park, shamba kubwa ambalo kondoo wake walikuwa wamedhoofika kwa magonjwa. Alimwajiri mchungaji mmoja hodari, Tom Storey, wakafuga kondoo wa kienyeji waitwao Herdwick, ambao huzaliwa weusi na kugeuka kijivu wakikua, na ambao wengi waliwaacha kwa sababu sufu yao ni ngumu. Alikwenda kwenye maonyesho ya mifugo kwa viatu vya mbao na sketi ya sufu nzito, akakaa na wachungaji na kubishana nao juu ya miguu na meno ya kondoo. Mwaka 1943 chama cha wafugaji wa kondoo hao kilimchagua awe rais wake wa mwaka uliofuata. Kwa hiyo chama cha wasomi kilikuwa kimemweka nje ya mlango, na chama cha wachungaji kikamkalisha kitini.

Hakuwahi kukikalia. Alifariki nyumbani kwake Near Sawrey tarehe 22 Desemba 1943, katikati ya vita, akiwa na miaka sabini na saba. Aliliachia shirika lile ekari zaidi ya 4,000, pamoja na mashamba na mifugo yake, kwa masharti kwamba kondoo wa Herdwick waendelee kufugwa humo. Tom Storey aliyatawanya majivu yake mlimani, mahali ambapo hakumwonyesha mtu kwa miaka mingi.

Na ule uyoga? Hakuutupa. Michoro yake ya sayansi, yapata 450, mingi ikiwa ya uyoga, aliiachia maktaba ya Armitt katika mji mdogo wa Ambleside, si mbali na shamba lake. Ilikaa humo kwenye makabati, watu wakimjua kwa sungura tu. Mzee McIntosh alikuwa ameshafariki mwaka 1922. Nakala alizopewa zimo katika jumba la makumbusho la Perth. Kisha mwaka 1967 mtaalamu mmoja, Dakta Findlay, alitoa kitabu cha uyoga wa misituni na vichakani, na alipohitaji picha za kuaminika alikwenda Ambleside akachagua za Beatrix hamsini na tisa. Mpaka leo wataalamu huzifungua picha hizo wanapotaka kuhakikisha jina la uyoga waliouokota, kwa sababu mle ndani kofia imepasuliwa katikati, vikunjo vinahesabika, na pembeni imeandikwa tarehe na mahali, kama tarishi alivyoagiza.